Shaba ya Alumini, Alumini ya Shaba: Ulinganisho wa Aloi za Kusubia na Umuhimu wa Istilahi Bainifu

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha sifa za aloi za bronzi na za alumini zinazotumiwa katika kusubu. Sifa zinazochunguzwa ni uzito, nguvu, ugumu, urefukaji, tabia ya metali katika chungu na kalibu, ukinzani wa kutu na usalama wa mtumiaji. Sambamba na ulinganisho huo, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuieleza mada hii, lakini baadhi ya maneno yake hubeba maana nyingi mno. Inahitimishwa kwamba hakuna aloi iliyo bora kwa kila kazi, na kwamba fundi hawezi kuteua aloi ifaayo iwapo majina ya metali na ya sifa zake hayajabainishwa.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu ukuzaji wa Kiswahili, swali la iwapo lugha hii inaweza kubeba maarifa ya sayansi na ufundi limekuwa likijirudia kwa miaka mingi. Wapo wanaolijibu kwa kukanusha na wapo wanaolijibu kwa kusifu, lakini ni mara chache swali hilo hujibiwa kwa kazi yenyewe. Tangu Katiba ya 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza, swali hili limepata uzito mpya. Lugha rasmi haitumiki bungeni na mahakamani pekee. Inatarajiwa pia kutumika katika karakana, katika mikataba ya ununuzi wa vifaa na katika maagizo ya usalama.

Njia mojawapo ya kulijibu swali hilo ni kuteua mada moja ya ufundi, kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kutazama mahali ambapo lugha ilitiririka na mahali ilipokwama. Mada iliyoteuliwa hapa ni aloi za kusubia. Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu ili igande kwa umbo linalotakiwa. Aloi ni metali iliyochanganywa na metali nyingine, au na elementi nyingine, ili ipate sifa ambazo metali tupu haina.

Ufundi huu si mgeni kwa Waswahili. Siwa mashuhuri ya Lamu, tofauti na ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ilisubiwa kwa shaba. Katika miji ya leo, mafundi wa jua kali huyeyusha pistoni na vipuri vikuukuu vya magari wakavigeuza kuwa vyombo na vipuri vipya. Maneno kama kusubu, kalibu, tanuri, mivukuto na mhunzi yamo katika lugha tangu zamani. Hata uchafu unaoelea juu ya metali iliyoyeyuka una jina lake: mavi ya chuma. Kwa hiyo anayeandika juu ya kusubu kwa Kiswahili haanzi na ukurasa mtupu.

2.0 Tatizo la Majina ya Metali

Kabla ya kulinganisha sifa, ni sharti ijulikane kinacholinganishwa. Hapa ndipo ugumu wa kwanza unapojitokeza, kwani neno shaba lina maana zaidi ya moja.

Mtangazaji wa michezo asemapo kwamba mwanariadha wa Kenya amenyakua nishani ya shaba, shaba hiyo ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati au elementi nyingine. Mkoa wa Katanga katika Kongo ulipoitwa Shaba kati ya 1971 na 1997, jina hilo lilitokana na shaba tupu inayochimbwa huko. Fundi bomba anaposema kwamba mfereji umetengenezwa kwa shaba, mara nyingi huwa anamaanisha aloi ya shaba na zinki ambayo rangi yake ni ya manjano. Hivyo basi, neno moja linabeba metali moja tupu na makundi mawili ya aloi. Siwa ya Lamu yenyewe ni mfano mzuri. Katika maandishi ya Kiingereza, baadhi ya waandishi wameiita aloi ya shaba na bati, na wengine wameiita aloi ya shaba na zinki. Msemaji wa Kiswahili huiita siwa ya shaba tu, na halazimiki kuchagua.

Neno bati nalo lina utata wake. Katika kemia, bati ni metali laini nyeupe inayochanganywa na shaba kupata bronzi. Katika mazungumzo ya kawaida, bati ni kipande cha kuezekea nyumba, na kipande hicho ni chuma kilichopakwa zinki, au zinki na alumini. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati anaweza kudhani kwamba paa kuukuu likiyeyushwa pamoja na nyaya za umeme litampa bronzi. Atakachopata hakitafaa kitu.

Katika mazungumzo ya kila siku utata huu hauna madhara makubwa, kwa kuwa muktadha hutatua. Karakanani madhara yapo. Katika makala haya, neno shaba litamaanisha metali tupu ya rangi nyekundu. Neno bronzi, ambalo baadhi huliita shaba nyeusi, litamaanisha aloi za shaba ambazo mwenzake mkuu si zinki. Neno bati litamaanisha ile metali laini nyeupe pekee.

3.0 Aloi Zinazolinganishwa

Si sahihi kusema bronzi ni hivi na alumini ni vile kana kwamba kila upande una aloi moja. Kila upande una familia kubwa. Kwa ajili ya ulinganisho, zimeteuliwa aloi tatu zinazojulikana sana viwandani.

Ya kwanza ni bronzi ya bati, yenye shaba asilimia 88, bati asilimia 10 na zinki asilimia 2. Hii ndiyo aloi iliyo karibu zaidi na bronzi ya kale. Ya pili ni bronzi ya alumini, yenye shaba asilimia 85, alumini asilimia 11 na chuma asilimia 4. Ya tatu ni alumini ya silikoni, yenye silikoni asilimia 7, magnesiamu takriban asilimia 0.3, na sehemu iliyobaki ni alumini. Aloi hii ya tatu hutiwa nguvu kwa kupashwa joto, kupozwa ghafla majini, kisha kupashwa tena joto dogo kwa saa kadhaa. Msingi wa mbinu hiyo uligunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906.

Jedwali lifuatalo linaonyesha thamani za kawaida za aloi hizo zikisubiwa katika kalibu za mchanga. Thamani hizi hubadilika kwa kiasi fulani kutegemea ubora wa kazi.

Jedwali 1: Sifa za aloi tatu za kusubia

| Sifa | Bronzi ya bati | Bronzi ya alumini | Alumini ya silikoni |
|---|---|---|---|
| Densiti (gramu kwa sentimita ya ujazo) | 8.7 | 7.5 | 2.7 |
| Masafa ya kuyeyuka (nyuzi za selsiasi) | 855–1000 | 1025–1040 | 555–615 |
| Nguvu ya kukinza kuvutwa hadi kukatika (nyutoni kwa milimita mraba) | 310 | 585 | 280 |
| Nguvu ya kukinza kupinda moja kwa moja (nyutoni kwa milimita mraba) | 150 | 240 | 205 |
| Urefukaji kabla ya kukatika (asilimia) | 25 | 18 | 6 |
| Ugumu (kipimo cha Brinell) | 75 | 170 | 70 |
| Ukakamavu (nyutoni elfu kwa milimita mraba) | 103 | 107 | 72 |
| Upitishaji joto (wati kwa mita kwa kelvini) | 75 | 59 | 150 |

4.0 Uzito na Ukakamavu

Tofauti inayojitokeza mara moja ni ya uzito. Kitu chenye ujazo wa lita 50 za metali kikisubiwa kwa bronzi ya bati kitakuwa na kilo 435. Kikisubiwa kwa alumini ya silikoni kitakuwa na kilo 135. Cha kwanza kitahitaji mashine ya kukiinua, ilhali cha pili kinaweza kubebwa na watu wanne.

Hata hivyo, bronzi ina ukakamavu mkubwa zaidi. Ukakamavu hapa ni uwezo wa kitu kutopinda kinapolemewa. Vipande viwili vya umbo na ukubwa sawa vikilemewa na mzigo sawa, kile cha alumini kitapinda zaidi. Jambo hili huwafanya wengi waamini kwamba alumini ni dhaifu. Lakini iwapo fundi ataruhusiwa kutumia uzito uleule wa metali, bamba la alumini litakuwa na unene wa zaidi ya mara 3 ya lile la bronzi. Kwa kuwa ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene, bamba hilo la alumini litakinza kupinda zaidi ya mara 20 kuliko la bronzi lenye uzito sawa.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba jibu hutegemea swali. Anayeuliza ni metali ipi hupinda kidogo zaidi katika unene uleule hupata jibu moja, na anayeuliza ni ipi hupinda kidogo zaidi kwa uzito uleule hupata jibu lililo kinyume. Ndiyo maana kitu kinachobebwa au kinachosafiri, kama vile kichwa cha silinda cha injini ya gari, husubiwa kwa alumini, na kitu kisichosogea hakipati faida kubwa kutokana na wepesi huo.

5.0 Nguvu, Ugumu na Urefukaji

Maneno nguvu, ugumu na uimara hutumiwa katika lugha ya kawaida kana kwamba ni visawe. Katika taaluma ya metali kila moja lina mahali pake. Ugumu ni ukinzani wa uso wa kitu dhidi ya kubonyezwa au kukwaruzwa. Kipimo cha Brinell huupata kwa kugandamiza gololi ngumu juu ya metali na kupima alama inayobaki. Nguvu ni kiasi cha mzigo ambacho metali hustahimili kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. Urefukaji ni kiasi ambacho metali hunyooka kabla ya kukatika, na ndio humpa mtumiaji dalili mapema kwamba hatari inakaribia.

Kengele kubwa ya London ijulikanayo kwa jina la Big Ben inadhihirisha tofauti hii. Bronzi ya kengele huwa na bati nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 20 na 25, kwa kuwa bati nyingi huifanya iwe ngumu na yenye mlio mzuri. Ugumu huo huandamana na wepesi wa kuvunjika. Kengele hiyo ya tani 13.7 ilisubiwa mwaka 1858, ikaanza kulia mwaka 1859, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikapata ufa kwa kupigwa na nyundo nzito kupita kiasi. Suluhisho lilikuwa kuigeuza kengele kidogo na kuwekwa nyundo nyepesi zaidi, na kengele hiyo ingali inalia na ufa wake. Kengele ilikuwa ngumu kweli, ila ugumu wake haukuikinga.

Tukirejelea Jedwali 1, bronzi ya bati na alumini ya silikoni zinakaribiana kwa nguvu na kwa ugumu. Alumini hata huipita bronzi ya bati katika nguvu ya kukinza kupinda moja kwa moja. Ikizingatiwa kwa uzito, alumini hupata nguvu takriban mara 3 kwa kila kilo. Pengo kubwa liko katika urefukaji: bronzi ya bati hunyooka kwa asilimia 25 na alumini kwa asilimia 6 tu. Kipande cha bronzi kikilemewa kupita kiasi hupinda na kuonekana kimepinda. Kipande cha alumini iliyosubiwa kinaweza kukatika bila onyo la kutosha. Bronzi ya alumini nayo huzipita zote mbili kwa nguvu na ugumu bila kupoteza urefukaji wake, lakini uzito wake haukaribii ule wa alumini.

Joto pia lina nafasi yake. Aloi za alumini zilizotiwa nguvu kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo zikikaa katika joto linalopita nyuzi 200. Kwa upande mwingine, upitishaji joto wa alumini ni mara 2 ya ule wa bronzi ya bati. Kwa sababu hiyo pistoni ya alumini hudumu ndani ya injini: joto linalozalishwa juu yake huondolewa upesi kabla halijaidhoofisha.

6.0 Tabia katika Chungu na Kalibu

Bronzi imesubiwa kwa zaidi ya miaka 5,000. Alumini haikupatikana kama metali hadi mwaka 1825, na haikuwa ya bei nafuu hadi baada ya 1886, wakati Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa walipogundua, kila mmoja kivyake, mbinu ya kuitenga kwa umeme. Sababu ya kuchelewa huko ni kwamba alumini hushikana na oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba moto wa makaa hauwezi kuitenga, jinsi unavyoweza kutenga shaba na bati.

Mshikamano huo na oksijeni unaendelea kuwa adui wa fundi hata leo. Alumini iliyoyeyuka hufunikwa papo hapo na utando mwembamba wa oksidi. Fundi akiimimina kwa fujo, utando huo hujikunja ndani ya metali na kubaki humo kama ufa uliofichika. Isitoshe, alumini ya majimaji hunyonya haidrojeni kutoka katika unyevu wa hewa, wa kalibu au wa vyuma chakavu vyenye mafuta. Ikiganda, inaweza kuhifadhi takriban sehemu moja tu kwa ishirini ya haidrojeni hiyo. Iliyobaki hutoka kama mapovu na kuacha vitundu. Kwa hiyo fundi wa alumini hukausha kila kitu, humimina polepole na haachi chungu motoni kwa muda mrefu kupita mahitaji.

Bronzi ya bati ina tatizo tofauti. Kama jedwali linavyoonyesha, huganda katika masafa mapana ya takriban nyuzi 145. Katika kipindi hicho fuwele za metali huwa zimezagaa katika majimaji, na majimaji mapya hushindwa kupenya kujaza nafasi pale metali inaposinyaa. Matokeo yake ni vitundu vidogo vilivyotawanyika, ambavyo huweza kuvujisha maji katika pampu au valvu. Bronzi ya alumini huganda katika masafa ya nyuzi 15 tu, na hivyo husinyaa mahali pamoja panapoweza kutabiriwa. Fundi huweka hapo hazina ya metali ya ziada, ambayo hukatwa baadaye.

Silikoni ndiyo siri ya mafanikio ya alumini katika kusubu. Huongeza utiririkaji wa metali, hupunguza kusinyaa na huzuia nyufa wakati wa kuganda. Jambo hili lina maana kubwa kwa mafundi wa jua kali. Pistoni na magurudumu ya alumini ni vitu vilivyosubiwa, na vina silikoni ya kutosha. Nyaya za umeme, fremu za madirisha na mabamba yana silikoni kidogo sana, kwa sababu yalikusudiwa kuvutwa au kukunjwa. Fundi anayechanganya vyote katika chungu kimoja hupata metali inayotiririka vibaya na kupasuka kwenye kona. Akitumia chungu cha chuma kisichopakwa kinga, chuma nacho huyeyukia ndani ya alumini na kuunda fuwele mfano wa sindano zinazoifanya ivunjike upesi.

Kuna dhana nyingine inayofaa kusahihishwa. Kwa kuwa alumini huyeyuka katika joto la chini, hudhaniwa kwamba daima hutumia kuni au makaa machache. Kilo moja ya alumini huhitaji zaidi ya kilojuli 1,000 kuyeyuka kutoka joto la kawaida, ilhali kilo moja ya shaba huhitaji chini ya 700. Faida ya alumini huonekana tu vinapolinganishwa vitu vya ukubwa sawa: hapo alumini huhitaji takriban nusu ya joto linalohitajiwa na shaba.

7.0 Kutu, Msuguano na Usalama

Katika hewa ya kawaida metali zote mbili hujikinga. Alumini hujikinga kwa oksidi yake, na bronzi kwa utando wa rangi ya kahawia au kijani. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ni ya bronzi na imestahimili hewa ya bahari kwa muda wa karibu karne moja.

Ndani ya maji ya bahari ushindani huwa mkali zaidi. Bronzi ya alumini, hasa ikiongezwa nikeli, ndiyo inayotumiwa kusubu rafadha za meli kubwa, kwa kuwa hustahimili chumvi na mmomonyoko wa maji yaendayo kasi. Alumini ya silikoni huvumilia bahari kwa kiasi fulani iwapo haina shaba ndani yake. Hatari kubwa hutokea metali hizi mbili zinapogusana majini. Kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme, alumini huliwa ili bronzi isalimike. Valvu ya bronzi iliyofungwa moja kwa moja kwenye ubavu wa mashua ya alumini ni mwanzo wa tundu.

Katika msuguano, bronzi haina mpinzani wa karibu. Bushi zinazobeba mihimili ya mashine kwa miaka mingi zimesubiwa kwa bronzi yenye risasi, kwa mfano asilimia 7. Risasi haiyeyukii ndani ya shaba. Hukaa kama visiwa vidogo laini ambavyo hulainisha mwendo pale mafuta yanapopungua. Alumini ya kawaida ikisuguana na chuma bila mafuta hugandana nacho na kuchanika.

Risasi hiyohiyo ni sumu. Marekani, kwa mfano, ilipunguza kiwango cha risasi katika vifaa vya maji ya kunywa hadi wastani wa asilimia 0.25 kuanzia mwaka 2014. Kwa upande wa alumini, sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu ambavyo havikuchambuliwa zimeonekana kuachilia risasi ndani ya chakula, hasa kinapokuwa na uchachu. Kiswahili hutumia neno moja kwa metali hii na kwa kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Katika muktadha huu ufanano huo wa majina unafaa kuchukuliwa kama onyo.

8.0 Mnara Mmoja, Metali Mbili

Mfano unaozikutanisha metali hizi mbili katika kazi moja unapatikana Piccadilly Circus jijini London. Chemchemi ya kumbukumbu ya Shaftesbury, iliyozinduliwa mwaka 1893, ilisanifiwa na mchongaji Alfred Gilbert. Sehemu ya chini, yenye mabeseni na mapambo ya viumbe vya majini, ni ya bronzi. Juu yake kuna sanamu ya kijana mwenye mabawa, ambayo wengi huiita Eros ingawa Gilbert alikusudia Anteros. Sanamu hiyo ni ya alumini, na ni miongoni mwa sanamu za mwanzo duniani kusubiwa kwa metali hiyo.

Kijana huyo amesimama kwa mguu mmoja, mwili umeinama mbele na mabawa yamekunjuliwa. Uzito wote unapita katika kifundo kimoja cha mguu. Umbo hilohilo likisubiwa kwa bronzi, kifundo hicho kingebeba zaidi ya mara 3 ya mzigo huo, bila kuwa na nguvu za mara 3. Chini, mahali panapohitaji uzito, utulivu na ustahimilivu wa maji, bronzi ilifaa. Juu, mahali panapohitaji wepesi, alumini ilifaa. Waswahili husema kila mlango na ufunguo wake.

9.0 Mpangilio wa Maneno na Hatima ya Chombo

Hoja ya mwisho inarejea katika sarufi. Aloi ya pili katika jedwali imeitwa bronzi ya alumini, na wanaotumia neno shaba kwa upana wangeiita shaba ya alumini. Ipo pia aloi nyingine ya kusubia, yenye alumini takriban asilimia 95 na shaba kati ya asilimia 4 na 5. Hiyo ni alumini ya shaba. Majina haya mawili yana maneno yaleyale. Kinachoyatofautisha ni mpangilio katika kirai chenye a-unganifu: neno la kwanza ndilo neno kuu, na linalofuata a-unganifu hulivumisha.

Kiingereza hutanguliza neno linalovumisha na kumalizia na neno kuu. Mtafsiri anayefuata maneno moja baada ya jingine atageuza jina bila kujua. Matokeo yake hayaishii katika alama za mtihani. Shaba ya alumini ina densiti ya 7.5 na hustahimili bahari. Alumini ya shaba ina densiti ya takriban 2.8, na shaba iliyomo ndani yake huifanya iliwe upesi na maji ya chumvi. Ya kwanza hufaa kusubia rafadha. Ya pili, ikitumiwa kwa kazi hiyohiyo kwa sababu mwenye kuandika agizo aligeuza maneno mawili, itachakaa chombo kikiwa safarini.

Hapa sarufi ya Kiswahili haina upungufu wowote. A-unganifu unaeleza bayana ni metali ipi iliyo msingi na ni ipi iliyoongezwa. Upungufu huwa kwa mtumiaji asiyezingatia mpangilio huo. Upungufu wa lugha yenyewe uko katika neno shaba, ambalo linahitaji kutengwa na bronzi, na katika maneno nguvu, ugumu na ukakamavu, ambayo yanahitaji kupewa mipaka ya kitaaluma. Kazi ya aina hii ilikwisha kuanzishwa na wanaistilahi, kwa mfano katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kilichosalia ni kuipeleka hadi karakanani, na kuleta vyuoni msamiati ambao mafundi tayari wanao.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba alumini ya silikoni huishinda bronzi kwa wepesi, kwa nguvu kwa kila kilo na kwa upitishaji joto. Bronzi ya bati huishinda alumini kwa urefukaji na ukakamavu, na jamii ya bronzi kwa jumla ndiyo ya kutegemewa katika msuguano na baharini. Bronzi ya alumini ndiyo yenye nguvu na ugumu zaidi kati ya tatu hizi, ila ni nzito na huhitaji joto la juu. Uteuzi wa aloi unapaswa kuanza na swali la kazi inayokusudiwa, mazingira yake na usalama wa mtumiaji.

Kwa upande wa lugha, imedhihirika kwamba mada hii inaelezeka kwa Kiswahili kikamilifu, pasipo kulazimika kuazima kila neno. Wanafunzi wa isimu na tafsiri wanaotafuta mada za utafiti wanaweza kuanzia katika karakana iliyo karibu nao, wakaandika majina ambayo mafundi huzipa metali, zana na kasoro za kusubu, kisha wakayalinganisha na istilahi za kamusi. Panapokuwa na jina moja kwa vitu vitatu, wapendekeze mengine mawili. Kazi hiyo itamfaa mwanaisimu, na itamfaa zaidi fundi anayesoma agizo lililoandikwa kwa Kiswahili kabla ya kuwasha tanuri lake.